Kiangazi Ndani ya Ndoo: Kuchagua Maua ya Vyombo Nachingwea na Ruangwa

Mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekatika tangu Mei, mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa huwa katika maua. Hakuna anayeimwagilia. Wakulima wanapita chini yake na mashine za kupulizia salfa ili ubwiriunga usiyaharibu maua hayo, na miti yenyewe imesimama kijani kama vile mvua bado inanyesha. Hatua chache kutoka hapo, kwenye kibaraza cha nyumba, ua lililopandwa katika ndoo ya lita 10 limelegea, ingawa lilimwagiliwa juzi. Jua ni lile lile, upepo wa kusi ni ule ule, na udongo uliojaza ndoo umechotwa shamba hilo hilo. Kwa nini mmea mmoja unachanua na mwingine unanyauka?

Jibu la swali hili ndilo msingi wa kupanda maua kwenye vyombo katika mikoa ya kusini. Anayelielewa ataweza kuchagua mwenyewe mimea ya kupendezesha kibaraza chake Januari hadi Desemba, hata akikutana na mche ambao hajawahi kuusikia. Asiyelielewa atanunua miche kila mvua zinapoanza na kuitupa kila kiangazi. Basi twende polepole, tuanze na mizizi.

Akiba iliyomo chomboni

Wilaya hizi mbili zina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Sehemu ya maji hayo huzama ardhini hadi kina ambacho jua na upepo haviwezi kukifikia, yakabaki huko miezi mingi. Mkorosho uliokomaa umeteremsha mizizi mita kadhaa, kwa hiyo Julai unachanua kwa maji yaliyonyesha Februari. Mbaazi nazo hubaki kijani shambani baada ya mahindi kukauka, kwa sababu mizizi yake inafika kwenye akiba hiyo hiyo.

Mmea wa chomboni hauna mahali pa kuteremkia. Mzizi ukishuka sentimita 25 unagonga plastiki. Tuhesabu basi ulichonacho. Udongo mzuri, ukishamwagiliwa na maji ya ziada yakachuruzika, hubakiza maji yanayoweza kuvutwa na mizizi kwa kiasi kinachokaribia moja ya tano ya ujazo wake. Ndoo ya lita 10 ina akiba ya lita 2 hivi. Zikiisha, hakuna nyingine.

Lita 2 zinatosha siku ngapi? Swali hili lilipimwa vizuri karibu miaka 300 iliyopita, na kilichopimwa kilikuwa mmea wa chomboni. Stephen Hales, mchungaji wa kanisa huko Uingereza, mwaka 1724 alichukua alizeti iliyokuwa imepandwa kwenye chungu, yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja. Aliufunika mdomo wa chungu kwa bamba la risasi ili udongo usipoteze maji kwa juu, kisha akakipima chungu chote asubuhi na jioni kwa siku nyingi mfululizo. Uzani uliopungua ulikuwa maji yaliyopita ndani ya mmea na kutokea kwenye majani. Kwa wastani alizeti ile ilipoteza karibu gramu 570 katika saa 12 za mchana. Siku yenye joto na ukavu mkubwa ilipoteza karibu gramu 850. Usiku ilipoteza kidogo tu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1727.

Sasa gawanya. Akiba ya gramu 2,000 kwa matumizi ya 570 kwa siku ni siku tatu na nusu. Kwa matumizi ya 850 ni siku mbili na ushei. Na hiyo ilikuwa Uingereza. Oktoba ya Nachingwea ni kali zaidi. Ua la kibarazani lililomwagiliwa juzi halina ugonjwa wala halikurogwa. Limemaliza maji yake.

Jaribio la Hales linaweza kurudiwa na mtu yeyote mwenye mizani ya kupimia unga. Mwagilia, acha maji yachuruzike, funika udongo kwa mfuko wa nailoni uliofungwa kuzunguka shina, pima asubuhi, pima jioni. Ukifanya hivyo kwa mimea miwili tofauti utaona kwa macho yako ipi inakunywa sana na ipi inakunywa kidogo, na hutahitaji kumwuliza mtu.

Kwa nini jani haliwezi kufunga milango

Mtu anaweza kujiuliza: kama kupoteza maji ni hatari, mbona mmea hauzuii? Hauzuii kwa sababu unatafuta chakula. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa, kazi inayoitwa usanisinuru. Hewa ya ukaa ni adimu: katika kila molekuli 10,000 za hewa inayotuzunguka, ni kama 4 tu. Ili kuipata, jani hufungua vitundu vidogo mno vinavyoitwa stomata. Ndani ya jani kumelowa, nje ni kukavu, na kitundu hakina uwezo wa kuchagua: kikifunguka kuingiza hewa ya ukaa, mvuke hutoka. Mmea wa kawaida hupoteza mamia ya molekuli za maji kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayoingia.

Hapa ndipo upepo unapohusika. Hewa tulivu inayogusa jani hujaa unyevu na kupunguza kasi ya mvuke kutoka. Upepo wa kusi huipeperusha hewa hiyo na kuleta nyingine kavu. Kwa sababu hiyo, kukisogeza chombo nyuma ya ukuta au uzio wa makuti kunaokoa maji hata kama jua halijapungua.

Kwa hiyo kila mmea uko katikati ya njaa na kiu. Ukifungua stomata unapata chakula na kupoteza maji. Ukifunga unahifadhi maji na kukosa chakula. Mimea ya dunia imepata masuluhisho tofauti ya shida hiyo, na kwa mpandaji wa kusini kuyajua ni muhimu kuliko kujua rangi za maua. Kwa matumizi ya kibarazani tunaweza kuigawa mimea katika namna nne: kuna inayokunywa, inayoweka akiba, inayobana na inayolala.

Wanywaji na weka-akiba

Wanywaji ni mimea yenye majani laini na mapana au mengi, isiyo na ghala la maji mwilini. Yasmini ni mnywaji, na mrihani pia, pamoja na maua mengi ya msimu yanayopandwa kwa mbegu. Krotoni ana ngozi ngumu kidogo, lakini naye akikaukiwa anapukutisha majani. Hawa hupendeza sana, na yasmini na mrihani vina heshima yao katika harusi na nyumba za pwani. Shida yao ni moja: katika chombo cha lita 10, wakati wa kiangazi, wanadai maji karibu kila siku.

Weka-akiba hubeba tangi mwilini. Mfano ulio bora ni waridi la jangwani, Adenium, lenye shina lililovimba chini na maua ya waridi au mekundu. Asili yake ni nchi kavu za Afrika, Tanzania ikiwamo. Shina lile nene ni tishu iliyojaa maji. Ukilibonyeza baada ya kiangazi kirefu utahisi limelegea kidogo, na likimwagiliwa linakaza tena. Lina tabia ambayo ni zawadi kwetu: huchanua vizuri katika miezi ya ukavu na joto, mara nyingine bila jani hata moja.

Shubiri nayo ni weka-akiba, ila yeye ghala lake ni jani. Jamaa nyingi za shubiri za Afrika Mashariki hutoa mashada ya maua mekundu, ya machungwa au ya njano katika miezi ya ukavu, na chozi hufika kunyonya asali yake. Kibaraza chenye shubiri inayochanua kina ndege pia.

Wa tatu katika kundi hili anastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni mwenyeji wetu. Zamioculcas zamiifolia ni mmea wa majani ya kijani kilichokolea, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, yaliyopangwa pande mbili za kikonyo kinene. Leo unauzwa madukani Ulaya, Asia na Marekani, na umo katika ofisi na hoteli nyingi za Dar es Salaam. Asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Ulikuwa ukijulikana na wanabotania tangu karne ya 19, lakini ni miaka ya 1990 ambapo wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi na kuusambaza duniani. Walichokipenda ndicho kinachotufaa sisi: chini ya udongo una viazi vinene vinavyohifadhi maji, kwa hiyo unaweza kusahauliwa wiki kadhaa kivulini usife. Zaidi ya hapo, kipande kimoja cha jani kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa kiazi kidogo baada ya miezi kadhaa, kisha mche kamili. Hakuna sababu ya kung'oa mimea hii msituni. Jani moja la jirani linatosha kuanzisha kitalu.

Wanaobana na wanaolala

Kundi la tatu lina ujanja wa ajabu zaidi. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wa bustanini kwake, wa jamii ya Bryophyllum yenye asili ya Madagaska, yalikuwa machachu sana asubuhi, mchana hayana ladha, na jioni yana uchungu kidogo. Uchachu ule ulikuwa na maana kubwa. Mimea ya aina hiyo hufunga stomata mchana na kuzifungua usiku, wakati hewa imepoa na mvuke hautoki sana. Hewa ya ukaa inayoingia usiku hutunzwa ndani ya jani kama asidi. Jua likichomoza, vitundu hufungwa, asidi inavunjwa, hewa ya ukaa inaachiliwa ndani kwa ndani, na usanisinuru unaendelea milango ikiwa imefungwa. Asubuhi jani ni chachu kwa sababu ghala limejaa. Kufikia jioni limekwisha. Tafadhali usiyaonje mwenyewe, maana baadhi ya mimea hii ina sumu.

Wanaobana kwa njia hiyo ni wengi. Mkonge ni mmojawapo, na pia jamaa za Sansevieria zenye majani marefu yaliyosimama wima, ambazo nyingi asili yake ni Afrika Mashariki. Anayevumilia kiu karibu kama hao ni Euphorbia milii kutoka Madagaska, kichaka kidogo chenye miiba kinachotoa maua mekundu, meupe au ya njano karibu mwaka mzima kikipata jua. Mzigo wa kumwagilia mimea hii ni mdogo sana ukilinganisha na yasmini. Gharama yake ni kwamba hukua taratibu, kwa sababu hewa ya ukaa inayotunzwa usiku mmoja ina kikomo.

Bogenvilia haitumii ujanja wa usiku, lakini inavumilia kiu na kuigeuza kuwa rangi. Kile tunachokiita ua lake ni majani maalumu yaliyopata rangi. Maua yenyewe ni vijineli vidogo vyeupe katikati. Bogenvilia yenye maji na samadi nyingi hutoa matawi marefu ya kijani. Ikipunguziwa maji hadi majani yaanze kulegea, kisha ikanyweshwa, ikapunguziwa tena, husukumwa kuchanua. Kiangazi chetu kinafanya kazi hiyo bila kuombwa, na chombo kinaikamilisha kwa kuibana mizizi.

Kundi la nne ni la wanaolala. Hawa hawapambani na kiangazi, wanaondoka. Msituni na mashambani kusini, mvua za kwanza zikilowesha ardhi, huchomoza ua la Scadoxus multiflorus: mpira mwekundu wa nyuzi nyingi juu ya bua moja, mara nyingi kabla majani hayajafunguka. Chini yake kuna tunguu lililokaa kimya tangu mvua zilizopita. Kaladi, yenye majani mapana yenye madoa meupe na mekundu, hufanya vivyo hivyo kwa kiazi chake. Msanapiti hulala akiwa wima: hupukutisha majani, hubaki matawi manene kama vidole, na joto likipanda maua yake yenye harufu hutangulia majani. Mmea unaolala haudai maji, lakini una hatari yake: mwenye nyumba akiona chombo kitupu hudhani kimekufa, akamwaga udongo pamoja na tunguu. Andika jina kwenye kijiti ukichomeke.

Kumbuka pia kwamba asili ya Tanzania peke yake haitoshi. Urujuani wa Usambara, Saintpaulia, ulikusanywa milima ya Tanga mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani, na leo ni miongoni mwa maua ya vyunguni yanayopendwa sana duniani. Lakini kwao ni kwenye miamba yenye kivuli na unyevu wa msitu wa milimani. Kibaraza cha Ruangwa mwezi wa Oktoba hakifanani na huko. Kinachoamua ni makao uliyoyazoea mmea, mpaka wa nchi hauhusiki.

Kokoto chini ya chungu, na mambo mengine ya chombo

Ukishachagua mmea, chagua chombo kwa hesabu ile ile. Chombo kikiongezwa upana na kimo mara mbili, udongo unaoingia huongezeka mara nane, lakini kuta zinazopigwa na jua huongezeka mara nne tu. Ndiyo maana karai moja kubwa lenye mimea mitatu huvumilia kuliko makopo matatu madogo. Mnywaji apewe chombo kikubwa kuliko vyote ulivyonavyo. Weka-akiba na wanaobana wanaridhika na kopo, tena mizizi yao huoza katika chombo kikubwa kinachobaki na maji.

Chungu cha udongo na ndoo ya plastiki vinatofautiana kwa namna ambayo kila aliyekunywa maji ya mtungi anaijua. Maji hupenya kwenye kuta za chungu, yakageuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto linalotosha kuchemsha karibu lita 7 zilizokuwa na nyuzi 20. Mizizi ndani ya chungu inakaa baridi, ila akiba ya maji inakwisha haraka. Plastiki haivuji, lakini ndoo nyeusi juani hupata moto, na mizizi mingi huanza kuumia udongo unapokaribia nyuzi 40. Kwa hiyo mnywaji akikaa kwenye plastiki, iwe ya rangi nyeupe au izungukwe na vyombo vingine vinavyoikinga jua. Weka-akiba anapenda chungu, kwa sababu kinakauka upesi.

Watu wengi huweka kokoto chini ya chungu wakiamini zinasaidia maji kutoka. Fanya jaribio dogo. Lowesha sponji ya kuoshea vyombo, ishike ikiwa imelala bapa hadi iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa ncha yake. Itadondosha tena. Sponji ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo. Udongo una tabia hiyo hiyo: vijitundu vyake vinashikilia maji, na chini kabisa hubaki tabaka lililolowa ambalo uzito wa maji haujatosha kuling'oa. Unene wa tabaka hilo hutegemea aina ya udongo, haubadiliki kwa urefu wa chombo. Ukiweka kokoto, maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Tabaka lililolowa halitoweki. Linapandishwa juu, karibu na mizizi. Kinachosaidia ni matundu ya kutosha chini, chombo kirefu, na udongo wenye chembe kubwa tangu juu hadi chini.

Udongo mwekundu wa shamba ukiwa peke yake chomboni hushikamana na kuwa mgumu. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga mkubwa wa mto na moja ya samadi iliyooza vizuri. Kwa waridi la jangwani, shubiri na Sansevieria, nusu nzima iwe mchanga mkubwa au vigae vilivyopondwa. Juu tandaza matandazo: maganda ya karanga yanafaa, majani makavu pia. Maganda mabichi ya korosho yaache, kwa sababu mafuta yake yanababua ngozi na si rafiki wa mizizi.

Kupanga mwaka

Vitabu vingi vya maua ya vyombo vimeandikwa Ulaya na Marekani. London hupata mchana wa zaidi ya saa 16 mwezi wa Juni na wa karibu saa 8 tu Desemba, na mmea wa huko unaogopa barafu. Nachingwea na Ruangwa ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni saa moja na dakika kumi hivi, na barafu haipo. Msimu unaotuamulia ni wa maji. Atakayetumia kitabu cha huko ataandaa kibaraza kwa adui asiyekuja.

Nachingwea inajua gharama ya kupanda bila kuisoma nchi kwanza. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza 1947 ulizihusisha Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukajengewa hata reli, kisha ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo ni kwamba mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya mashine kuingia porini. Reli yenyewe iling'olewa baadaye. Kibaraza ni kidogo, lakini kanuni haibadiliki.

Kwa hiyo panga vyombo vyako ili mmea mmoja unapopumzika mwingine uwe kazini. Desemba, mvua zikianza, Scadoxus anachomoza na kaladi inafungua majani. Januari hadi Aprili ni zamu ya wanywaji: yasmini, mrihani na maua ya mbegu yanakua kwa maji ya bure. Wakati huo sogeza waridi la jangwani na shubiri chini ya paa, kwa sababu mvua mfululizo huwaozesha. Mei, mvua zikikatika, pogoa bogenvilia na anza kumpunguzia maji. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta bogenvilia na shubiri. Ni pia msimu wa asili wa ule mmea wa Krismasi, poinsetia, kusini mwa Ikweta: majani yake ya juu hugeuka mekundu usiku unaporefuka, na hapa usiku mrefu ni wa Juni. Usimweke chini ya taa ya kibarazani inayowaka hadi asubuhi, maana mmea utadhani usiku bado ni mfupi. Septemba hadi Novemba, joto likifika kileleni na ndoo za maji zikiwa adimu, waridi la jangwani na msanapiti ndio wenye zamu. Zamioculcas, Sansevieria na Euphorbia milii wapo nyuma yao mwaka mzima, wakikipa kibaraza umbo na rangi ya kijani hata wiki ambayo hakuna ua jingine.

Uwiano unaofaa kwa nyumba inayochota maji ni mnywaji mmoja kwa kila vyombo vinne au vitano. Mnywaji huyo aishi kwa maji yaliyooshea mboga au mchele. Ua lisimwongezee mama au binti wa nyumba safari ya kisimani. Likifanya hivyo limechaguliwa vibaya, hata liwe zuri namna gani.

Mambo mawili ya usalama. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila wiki bila kukosa, kwa sababu mbu wa Aedes anayeeneza homa ya dengi huzaliana katika maji kidogo kama hayo, na kiluwiluwi huhitaji siku chache tu kuwa mbu. Pili, utomvu wa waridi la jangwani ni sumu iliyotumika kupaka mishale sehemu mbalimbali za Afrika, maziwa ya Euphorbia yanachoma macho, tunguu la Scadoxus lina sumu, na jani la Zamioculcas likitafunwa linawasha kinywa. Vyombo hivi vikae juu, mbali na watoto wanaotambaa, na mikono ioshwe baada ya kupogoa.

Unapofika kitaluni, basi, mtazame mche kabla ya kuuliza bei. Bonyeza shina na jani: ni nene na limejaa maji, au ni jembamba? Muulize muuzaji mmea huo unakuwaje mwezi wa Oktoba: unachanua, unasimama, unapukutika, au unataka maji kila siku? Jibu litakuambia uko katika kundi gani kati ya manne, na kundi litakuambia chombo chake, udongo wake na mahali pake kibarazani. Muuzaji akiwa hajui, nunua mmoja tu, upime kwa mizani kwa wiki moja ya kiangazi, uandike. Baada ya mwaka utakuwa na daftari la kibaraza chako mwenyewe, lililopimwa kwenye jua la kwenu na upepo wa kwenu, na jirani atakayekuja kuomba kipande cha jani utaweza kumpa na maelezo yake.